Shoka na Swali: Filamu ya Witchfinder General (1968) Ikisomwa kutoka Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala hii inahakiki filamu ya Witchfinder General iliyoongozwa na Michael Reeves mwaka 1968, inayosimulia msako wa wachawi mashariki mwa Uingereza mwaka 1645. Filamu inasomwa sambamba na suala la tuhuma za uchawi miongoni mwa wakimbizi wa Nakivale, wilayani Isingiro, ambao Mbarara ndio mji wao wa karibu wenye Mahakama Kuu. Inadaiwa kwamba filamu imeona kwa usahihi uhusiano uliopo baina ya vita, mahakama zilizolegea na biashara ya kusaka wachawi. Lakini imeficha mambo mawili, kwamba tuhuma huanzia kwa jirani, na kwamba msako halisi ulipunguzwa nguvu kwa maswali wala si kwa shoka. Mambo hayo mawili yanajadiliwa kwa kuzingatia lugha ya mkalimani na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Uganda wa mwaka 1999.

Utangulizi

Witchfinder General inaanza kwa sauti ya nyundo. Mti wa kunyongea unamaliziwa juu ya kilima; mwanamke anaburutwa na wanakijiji huku akipiga kelele; kasisi anasoma maneno ya dini kwa sauti isiyopanda wala kushuka; mwanamke ananyongwa. Kisha kamera inamtafuta, kwa mbali, mtu aliyeketi juu ya farasi akitazama bila kusema neno. Huyo ni Matthew Hopkins, anayeigizwa na Vincent Price. Tangu hapo hadi mwisho mtazamaji haonyeshwi shetani, haoni mtu akipaa usiku, wala hashuhudii kago lililofaulu. Kila kinachotisha kinatendwa na binadamu, mara nyingi mchana kweupe, katika mashamba ya kijani ya Suffolk na Norfolk ambayo mpiga picha John Coquillon ameyafanya yapendeze kupita kiasi.

Jambo hilo linaifanya filamu kuwa ngeni kwa watazamaji wa ukanda huu. Katika filamu nyingi za Nigeria zilizosambaa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1990, na katika nyingi za Bongo zilizofuata nyayo zake, uchawi huonyeshwa ukifanya kazi: mtu hugeuka nyoka, pesa hutapikwa, na mwishowe mchungaji hushinda. Mtazamaji aliyelelewa na filamu hizo anayo haki ya kuuliza mchawi yuko wapi. Jibu la Reeves ni kwamba hayupo, na kutokuwepo kwake hakumwokoi mtu na kitanzi.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanyarwanda. Leo ni zaidi ya watu 100,000 kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia na Eritrea, na Kiswahili ndiyo lugha inayowakutanisha wengi wao sokoni, kanisani na katika foleni za ofisi. Tuhuma za uchawi ni miongoni mwa mambo ambayo baadhi yao huyakimbia, na ni miongoni mwa mambo yanayoweza kumfuata mtu hadi alikokimbilia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lililiona suala hili mapema kiasi cha kuchapisha utafiti wa Jill Schnoebelen mwaka 2009, uliohusisha moja kwa moja tuhuma za uchawi na ulinzi wa wakimbizi. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa nalo lilipitisha azimio lake la 47/8 mwezi Julai 2021. Maandishi ya kisera, basi, yapo. Kilichopungua ni namna ya kulizungumza jambo lenyewe bila kumkejeli anayeamini wala kumwacha anayetuhumiwa, na hapo ndipo sanaa huweza kusaidia au kupotosha.

Vita, mahakama na malipo

Hadithi ya filamu ni fupi. Richard Marshall (Ian Ogilvy), askari wa jeshi la Bunge, amemposa Sara (Hilary Dwyer), mpwa wa kasisi John Lowes wa Brandeston. Hopkins na msaidizi wake John Stearne wanafika kijijini, Lowes anachomwa sindano kutafutwa alama ya shetani, Sara anautoa mwili wake kwa Hopkins ili kumwokoa mjomba wake, Stearne anambaka, na Lowes ananyongwa hata hivyo. Marshall anaapa kulipa kisasi. Sehemu iliyobaki ya filamu ni kiapo hicho kikitimizwa.

Nguvu ya filamu haimo katika kisasi. Imo katika mazingira ambayo Reeves, aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, aliyachora kwa mistari michache. Sauti ya msimulizi inaeleza mwanzoni kwamba nchi imo vitani na kwamba utaratibu wa sheria umevunjika. Halafu tunaoneshwa fedha: Hopkins na Stearne wanapatana malipo na wakubwa wa mji kabla ya kazi, wanazihesabu baada ya kazi, na wanagombana juu ya mgao. Msako wa wachawi unaonekana kuwa ajira.

Historia inaunga mkono sehemu hii. Katika kikao cha Chelmsford cha Julai 1645, ambapo wanawake wengi wa Essex walihukumiwa kunyongwa, majaji wa mzunguko hawakufika kwa sababu ya vita. Kiti kilikaliwa na Earl wa Warwick pamoja na mahakimu wa amani. Mji wa Stowmarket ulilipa pauni 23, kiasi ambacho kibarua wa shamba wa wakati ule asingekipata kwa mwaka mzima. Cheo chenyewe Hopkins alijipa, Bunge halikumpa. Wasimuliaji wa vibanda vya video vya Uganda, ambao hutafsiri filamu papo hapo kwenye maikrofoni, wakikutana na jina hili pengine wangesema tu "Jenerali wa Wachawi". Mwanaisimu angelalamika kwamba neno hilo katika Kiingereza cha karne ya 17 lilimaanisha mkuu wa shughuli kwa nchi nzima, si cheo cha jeshi. Lakini kwa masikio ya mtu aliyetoka Kivu, ambako makamanda wa makundi ya silaha hujipandisha vyeo wenyewe, kosa hilo la tafsiri lina ukweli ndani yake.

Mifano ya karibu haihitaji kutafutwa mbali. Mwezi Juni 2001, katika eneo la Aru, Ituri, mamia ya watu waliuawa katika muda wa wiki chache kwa kutuhumiwa uchawi, wakati eneo hilo likiwa mikononi mwa waasi na jeshi la Uganda, na mahakama za dola ya Kongo hazina nguvu. Katika Tooro, kaskazini mwa Mbarara, Heike Behrend ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2011, Resurrecting Cannibals, jinsi chama cha waumini wa Kikatoliki kilivyoendesha misako ya wachawi na wala-watu katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kipindi ambacho UKIMWI na vita vya waasi wa ADF vilikuwa vimejaza misiba katika nyumba. Magharibi mwa Tanzania, majina ya kamchape na lambalamba yanajulikana kwa watu wanaozunguka vijiji wakidai kufichua wachawi kwa malipo. Hatimaye, Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku wapiga ramli. Lugha ya maofisa ilikuwa imekwisha kubuni istilahi inayofaa kuigwa: ramli chonganishi. Istilahi hiyo inamtazama mpiga ramli kwa matokeo ya kazi yake, haijishughulishi na iwapo ramli yake ni ya kweli.

Mfano wa Tooro, hata hivyo, unaipinga filamu kidogo. Wasakaji wale hawakuwa wageni wenye mifuko ya fedha. Walikuwa waumini wa eneo lenyewe, wakifanya kazi waliyoiona kuwa ya uponyaji. Reeves hana nafasi ya mtu kama huyo. Hopkins wake haamini chochote, na Stearne anafurahia tu kuumiza. Mtu anayesaka kwa imani safi, akilia machozi ya kweli, hayumo katika filamu. Na huyo ndiye mgumu zaidi kwa mshauri wa sera, kwa kuwa hawezi kukamatwa kama tapeli.

Jirani aliyefutwa

John Lowes wa filamu ni mzee mpole ambaye kosa lake halielezwi vizuri. John Lowes wa historia alikuwa na umri wa miaka 80 hivi, na kwa miaka mingi alikuwa amegombana na waumini wake, wakishtakiana kortini. Msako ulipofika, ugomvi ule ulikuwa unangoja jina tu. Hopkins hakuuleta Brandeston, aliukuta.

Filamu imekifuta kisa hicho ili tumpende Lowes bila shida, na kwa kufanya hivyo imewafuta majirani. Umati wake hauna majina wala sababu. Una nyuso tu, nazo zimepigwa picha kwa ustadi wa kutisha: watu wamesimama Lavenham wakitazama mwanamke akishushwa kwenye moto kwa ngazi, na baadaye watoto wanachoma viazi kwenye majivu yale yale. Picha ya viazi ni miongoni mwa picha kali kabisa katika filamu za aina hii, kwa sababu watoto hawana ubaya wowote usoni, wana njaa. (Kihistoria, wachawi Uingereza walinyongwa. Mary Lakeland wa Ipswich alichomwa moto mwaka 1645 kwa kuwa alipatikana na hatia ya kumuua mumewe kwa uchawi, na mke aliyemuua mume alihesabiwa kuwa msaliti.) Lakini hata watoto hao hatuambiwi ni wa nani, wala kama mama yao ndiye aliyetoa ushahidi.

Pengo hili lina uzito Nakivale. Wale waliochunguza tuhuma za uchawi barani Afrika wamesisitiza mara kwa mara kwamba mtuhumu ni mtu wa karibu: ndugu, mke mwenza, mpangaji, anayepakana nawe shambani. Katika makazi ambamo familia hupewa kipande cha ardhi ya kujenga na kulima, ambamo ardhi hiyo imezidi kuwa ndogo kadiri watu wanavyoongezeka, na ambamo watu waliokimbia pande mbili za vita moja wanaweza kujikuta wakichota maji kwenye bomba moja, kuna sababu nyingi za ugomvi kutafuta jina. Mshauri anayejifunza kutoka kwa Reeves atamtafuta Hopkins: mganga mgeni, nabii mpya, mhubiri wa usiku. Akimpata atamfukuza, na atadhani kazi imekwisha.

Kosa la pili la aina hiyo linamhusu Sara. Watuhumiwa wengi wa Hopkins halisi walikuwa wanawake wazee na maskini. Wa kwanza, Elizabeth Clarke wa Manningtree, alikuwa na mguu mmoja. Anayefahamu mauaji ya vikongwe Usukumani, ambako macho mekundu kwa moshi wa jikoni yalitosha kuwa ushahidi, atamtambua Clarke mara moja. Katika filamu wanawake wa namna hiyo wapo kwa dakika chache ili wanyongwe; anayekaa mbele ya kamera ni msichana mzuri, na mateso yake yanapimwa kwa maumivu ya mchumba wake. Sara anaamua jambo moja tu katika filamu nzima, nalo ni kuutoa mwili wake. Baada ya hapo anasubiri. Mwandishi Alan Bennett aliishambulia filamu hii mwaka 1968 kwa ukatili wake, na Reeves akajibu kwamba ukatili unapaswa kuchukiza. Wote wawili walizungumza juu ya damu. Hakuna aliyeuliza kwa nini mwenye kuumia hapewi maneno.

Mchawi, mlozi, umurozi

Tuseme filamu hii inatafsiriwa kwa Kiswahili ili ioneshwe na kujadiliwa Nakivale. Mtafsiri atakwama kabla ya sentensi ya pili. Neno analolitafuta lina majina mengi mno.

Kiswahili sanifu kinalo mchawi, na pia mlozi, wakati Kiswahili cha Kivu husema mulozi na bulozi. Wenyeji wa Mbarara na Isingiro, wasemaji wa Runyankole, wanalo omurogo. Wanyarwanda na Warundi wanalo umurozi. Mzizi ni mmoja, ule ule wa kuroga, na mtu anaweza kudhani kwamba tafsiri ni rahisi kwa sababu hiyo. Kumbe udugu wa maneno ndio unaodanganya. Katika Kinyarwanda na Kirundi, uburozi ni uchawi na ni sumu pia. Anayetia kitu katika pombe ya mwenzake na anayemroga kwa mbali huitwa kwa neno moja. Kiswahili sanifu kinatenganisha: sumu ni ya polisi na maabara, uchawi ni wa usiku.

Tofauti hii ingebaki ya wanaisimu kama isingekuwa chumba cha mahojiano. Wakongo wengi hupokewa Uganda kwa misingi ya kundi, bila kila mmoja kueleza kisa chake kwa kirefu. Kisa hutoka baadaye: mtu anapoomba ulinzi ndani ya makazi, au anapohojiwa kuhusu kuhamishiwa nchi ya tatu. Mwanamke anasema kwamba kijijini kwao aliitwa umurozi na nyumba yake ikachomwa. Mkalimani akisema "alituhumiwa kuwa mchawi", afisa anasikia mateso dhidi ya mtu kwa sababu ya jinsi jamii inavyomwona. Mkalimani akisema "alituhumiwa kuwatilia watu sumu", afisa anasikia kosa la jinai. Mlango wa pili unaelekea mahali pabaya: Mkataba wa 1951 unaruhusu kumnyima hifadhi mtu ambaye kuna sababu nzito za kuamini kwamba alitenda kosa kubwa la jinai lisilo la kisiasa, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ina kifungu cha namna hiyo. Ushuhuda ni ule ule, mama ni yule yule; neno moja la mkalimani limemgeuza kutoka aliyeteswa kuwa anayeshukiwa.

Sheria hiyo ya 2006, kwa bahati njema, ni pana kuliko nyingi. Pamoja na sababu za kawaida za ukimbizi, inataja jinsia, na inamtambua pia anayeogopa kuteswa kwa kutofuata mila zenye ubaguzi wa kijinsia. Mjane anayeitwa mchawi kwa kuwa alikataa kurithiwa anaweza kupata mahali pa kusimama katika maneno hayo. Lakini atasimama iwapo tu ametafsiriwa vizuri. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mijadala kuhusu hadhi hiyo imejikita katika mitaala na Bunge. Chumba cha mkalimani wa Nakivale hakijapewa nafasi inayostahili katika mijadala hiyo, ingawa huko ndiko Kiswahili cha Uganda kinakobeba mizigo mizito kuliko popote.

Kwa filamu, pendekezo ni kutumia "msaka wachawi" kwa Hopkins, si "mganga", kwa kuwa haponyi mtu. Na kuacha umurozi na mulozi vinywani mwa wahusika wanaotuhumu, ili watazamaji walisikie neno likifanya kazi yake. Lufufu, aliyejipatia umaarufu Tanzania kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, alionesha kwamba msimuliaji anaweza kuongeza kile ambacho filamu haikukisema. Msimuliaji wa aina hiyo angeweza kuwapa majirani wa Lowes majina na magomvi yao. Huo ungekuwa uhakiki bora wa Reeves kuliko makala yoyote.

Shoka na swali

Mwisho wa filamu unajulikana sana. Katika ngome, Marshall na Sara wamekamatwa kama wachawi. Sara anachomwa mgongoni mbele ya mchumba wake. Marshall anajinasua, anachukua shoka na kumkatakata Hopkins. Askari mwenzake anaingia, na kwa kushindwa kuvumilia anachokiona anampiga Hopkins risasi afe. Marshall anamlalamikia kwa kumnyang'anya mawindo yake, akirudia maneno yale yale kama mtu aliyepotewa na akili, na Sara anapiga kelele zisizokoma hadi picha inapoganda. Wahakiki wamesifu mwisho huu kwa kukataa kumfariji mtazamaji, na sifa hiyo ni ya haki. Mwenye shoka amegeuka kuwa kile alichokiwinda.

Hata hivyo ni uongo, na uongo huu una gharama. Hopkins hakuuawa kwa shoka. Alifariki mwaka 1647, akiwa bado kijana, inavyoaminika kwa ugonjwa wa mapafu; Price, aliyekuwa na miaka 56 wakati wa kupiga picha, alimzidi kwa miongo mitatu hivi. Na kabla ya kifo chake kazi ilikuwa imekwisha kuanza kumharibikia, kwa njia ambazo mwandishi wa filamu ya kutisha hawezi kuzitumia. John Gaule, kasisi wa Great Staughton, alihubiri dhidi ya mbinu zake na mwaka 1646 akachapisha kitabu. Miji ilichoka kulipa. Na majaji wa Norfolk walipelekewa orodha ya maswali kuhusu Hopkins: kwa nini watuhumiwa wanakeshwa bila usingizi, kwa nini wanatupwa majini, anapataje kujua asichokijua mwingine, na fedha anazochukua ni za nini. Kijitabu chake cha mwaka 1647, The Discovery of Witches, kimeandikwa kwa muundo wa kujibu maswali hayo. Hakuna anayekisoma leo asiyesikia mtu aliyebanwa.

Gaule hayumo katika filamu. Majaji wa Norfolk hawamo. Reeves alihitaji nchi isiyo na hata mtu mmoja wa kuuliza, ndipo shoka lionekane kuwa njia iliyobaki. Kwa kijana wa Nakivale ambaye amekwisha kuona shoka na panga, hili si jambo la kupitwa kwa haraka. Ikumbukwe pia kwamba Gaule hakukana kuwapo kwa wachawi. Aliamini wapo, alichokataa ni namna ya kuwathibitisha. Mkakati wowote unaomtaka mkimbizi aache kwanza imani yake ndipo aache kumtuhumu jirani yake umejiwekea sharti ambalo hata waliomdhoofisha Hopkins hawakulihitaji.

Utepe mweupe na amri ya kufukuzwa

Filamu ya I Am Not a Witch ya Rungano Nyoni, Mzambia aliyekulia Wales, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Cannes mwaka 2017, inaanzia pale ambapo Reeves anakomea. Si filamu ya kihistoria na inachekesha zaidi kuliko inavyotisha, lakini tuhuma dhidi ya msichana Shula inapelekwa kituo cha polisi, inaandikwa, inasikilizwa, na ofisa wa serikali anamchukua. Wanawake wa kambi ya wachawi wamefungwa kwa tepe ndefu nyeupe ili, wanavyoambiwa, wasipae. Wanalimishwa na kuoneshwa kwa watalii. Hakuna umati wenye mienge. Kuna utaratibu, na utaratibu huo unajiita ulinzi.

Utepe huo una kisa chake katika sheria ya Uganda. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1957 iliiruhusu mahakama kumpiga marufuku aliyetiwa hatiani kukaa nyumbani kwake kwa muda uliotajwa. Katika shauri la Salvatori Abuki, hakimu alitumia kifungu hicho pamoja na adhabu ya kifungo, na suala likafika Mahakama ya Katiba mwaka 1997. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba amri ya kufukuzwa haiendani na Katiba: kumtoa mtu katika makao na ardhi inayomlisha ni kumtendea kikatili na kumdhalilisha. Mahakama haikuhitaji kuamua kama uchawi upo. Iliuliza tu mtu huyo atakula nini na atalala wapi.

Sasa tuurudie uamuzi huo tukiwa Nakivale. Familia imetuhumiwa, majirani wamekusanyika usiku, kiongozi wa kijiji amepiga simu. Njia ya haraka kwa yeyote mwenye dhamana ni kuihamishia familia hiyo sehemu nyingine ya makazi, au makazi mengine kabisa. Huenda maisha yameokolewa, na hakuna anayepaswa kulaumiwa kwa kuokoa maisha. Lakini aliyehama ni mtuhumiwa. Waliomtuhumu wamebaki katika vipande vyao vya ardhi, wakijua sasa kwamba neno moja lililotamkwa kwa nguvu linatosha kumwondoa anayepakana nao. Kile ambacho hakimu haruhusiwi tena kukiamuru kinaweza kutendeka kwa fomu ya uhamisho, kwa nia njema, bila shauri kusikilizwa na bila rufaa.

Kinachoweza kubadilishwa hapo si kikubwa, ila kinahitaji kuandikwa mahali: kwamba uhamisho wa aina hiyo uwe wa muda uliotajwa, kwamba aliyehamishwa apewe ardhi ya kiasi kile kile alichokiacha, kwamba kipande alichokiacha kisigawiwe upya kabla ya kujulikana nani alitamka tuhuma, lini, na baada ya ugomvi gani. Maswali hayo yanafanana na yale ya Norfolk, isipokuwa moja. Mahindi yaliyobaki shambani yatavunwa na nani, hilo Hopkins hakuulizwa.